Simu ya Mwanafunzi Ndani ya Darasa

Kifaa binafsi cha kielektroniki, kwa maana inayotumika hapa, ni simu janja, kishikwambi, kompyuta mpakato au chombo kingine cha aina hiyo ambacho mwanafunzi huja nacho shuleni na kuondoka nacho kwa kuwa ni mali yake au ya familia yake. Kompyuta za maabara ya shule hazimo, wala vishikwambi vilivyogawiwa na serikali ambavyo hurudi kabatini kipindi kikiisha. Kinachotenganisha makundi haya mawili ni umiliki. Kifaa cha shule kimewekwa programu na shule, intaneti yake hulipiwa na shule, na kazi yake hukoma kengele inapolia. Kifaa binafsi kimejaa programu alizozichagua mwenyewe, bando lake hutoka mfukoni mwa mzazi, na huendelea kupokea salamu za ndugu, matokeo ya mpira na picha za marafiki wakati mwalimu akiandika ubaoni. Karibu yote yanayobishaniwa kuhusu vifaa hivi, yaani usikivu, usawa, nidhamu na faragha, huchipuka kwenye umiliki huo.

Shule za Afrika Mashariki zimeishi na kifaa binafsi cha kielektroniki kwa miaka mingi bila kukiita hivyo. Kifaa hicho ni kikokotoo. Katika mtihani wa kidato cha nne nchini Tanzania, mtahiniwa wa Fizikia huruhusiwa kuingia na kikokotoo kisichopangiwa programu, lakini mtahiniwa huyohuyo akiingia kwenye Hisabati hukiacha nje na kutegemea majedwali ya Baraza la Mitihani. Kifaa ni kilekile na mwenye nacho ni yuleyule. Kilichobadilika ni kazi iliyo mbele yake. Katika Fizikia kuzidisha desimali kwa mkono humchelewesha mwanafunzi asifike kwenye swali la kani au mchapuko analoulizwa. Katika Hisabati ukokotoaji ni sehemu ya kinachopimwa. Kanuni hiyo hufuata kazi, na hadi leo hakuna shule iliyolazimika kuchoma vikokotoo uani. Mjadala wa simu umekosa utulivu wa namna hiyo, na sehemu kubwa ya maelezo yanayofuata inajaribu kuonyesha kwamba utulivu huo unawezekana.

Historia ya marufuku ni ndefu kuliko historia ya simu janja. Mwishoni mwa miaka ya 1980 baadhi ya majimbo ya Marekani yalikataza peja shuleni, kwa hofu kwamba wauza dawa za kulevya walizitumia kuwasiliana na vijana. Simu za mkononi zilipoenea zilikuta katazo lipo tayari. Katazo hilo lilianza kulegea baada ya mauaji ya shule ya Columbine mwaka 1999 na mashambulizi ya Septemba 2001, kwa sababu wazazi walidai haki ya kumpata mtoto wao saa yoyote. Madai hayo ya wazazi yameendelea kuwa nguvu kubwa upande wa kuruhusu simu, hata kuliko hoja yoyote ya ufundishaji.

Jiji la New York linafaa kutazamwa kwa karibu, kwa kuwa limepita njia yote. Mwaka 2006 utawala wa meya Michael Bloomberg ulianza kutekeleza kwa ukali marufuku ya simu katika shule za umma. Kwenye shule zenye mashine za kukagua chuma mlangoni hakukuwa na namna ya kupenya. Nje ya shule hizo yakaegeshwa magari ya biashara yaliyopokea simu za wanafunzi asubuhi na kuzirudisha jioni kwa malipo ya dola moja kwa siku. Mashine za kukagua zilikuwa zimewekwa zaidi kwenye shule za vitongoji maskini. Hivyo mwanafunzi wa shule isiyo na mashine aliingia na simu yake begini bila kuulizwa, na mwanafunzi maskini akalipa dola tano kwa wiki kwa kosa la kuwa nayo. Marufuku iliyoandikwa kwa maneno sawa kwa wote iliwaumiza wachache. Meya Bill de Blasio aliiondoa Machi 2015 na kuachia kila shule itunge utaratibu wake. Miaka kumi baadaye, Septemba 2025, sheria ya jimbo zima la New York ilirudisha katazo la simu kuanzia kengele ya kwanza hadi ya mwisho, safari hii ikizitaka shule ziandae mahali pa kuhifadhi simu. Tofauti kati ya 2006 na 2025 iko hapo: gharama ya kuhifadhi imeondolewa begani mwa mtoto.

Katikati ya nyakati hizo mbili kulikuwa na wimbi la kinyume. Kuanzia karibu mwaka 2009 makampuni makubwa, Intel likiwa miongoni mwao, yalianza kuwaruhusu wafanyakazi kutumia vifaa vyao wenyewe kazini, na wazo la kila mtu kuja na kifaa chake likahamia madarasani Marekani, Kanada, Uingereza na Australia. Wakuu wa shule walivutiwa kwa sababu iliyo wazi. Bajeti zilikuwa zimebanwa, na watoto tayari walikuwa na kompyuta ndogo mifukoni. Shule ingejenga mtandao wa Wi-Fi, wazazi wangenunua vifaa. Hesabu hiyo ilisifiwa kama maendeleo ya elimu, ingawa kwa sehemu kubwa ilikuwa ni kuhamisha gharama kutoka hazina ya umma kwenda nyumbani kwa mzazi. Ni haki kuisema hivyo, kwa kuwa nchi zenye hazina ndogo zaidi hushawishika kuifuata.

Kuhusu usikivu, ushahidi umekusanywa kwa uangalifu, na matokeo mengi huelekea upande mmoja. Mwaka 2013 watafiti wa Kanada, Faria Sana, Tina Weston na Nicholas Cepeda, waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu somo la kusikiliza huku wakiandika kwenye kompyuta mpakato. Nusu yao waliombwa wafanye pia kazi ndogondogo zisizohusu somo, kama kutafuta habari mtandaoni. Waliofanya mambo mawili kwa pamoja walipata alama pungufu kwa takriban asilimia 11 katika jaribio lililofuata. Hilo lilitarajiwa. Lililoshtua ni jaribio la pili, ambalo liliwahusu wanafunzi waliokuwa wakiandika kwa kalamu na karatasi, bila kifaa chochote, lakini wamekaa mahali ambapo waliona vioo vya kompyuta za wenzao. Hao walishuka kwa takriban asilimia 17. Haki ya mwanafunzi kutumia kifaa chake inakutana hapo na haki ya jirani yake kusoma, na jirani hakuulizwa.

Katika chuo cha kijeshi cha West Point nchini Marekani, wanauchumi Susan Carter, Kyle Greenberg na Michael Walker walitumia utaratibu wa chuo wa kuwapanga wanafunzi madarasani bila kuchagua. Madarasa mengine ya somo la utangulizi wa uchumi yaliruhusu kompyuta mpakato na vishikwambi kwa uhuru, mengine yalikataza kabisa, na kundi la tatu liliruhusu kishikwambi kikiwa kimelazwa juu ya meza ili mwalimu aone kilichomo. Ripoti yao, iliyochapishwa mwaka 2017, ilionyesha kwamba katika makundi yote mawili yaliyoruhusu vifaa alama za mtihani wa mwisho zilikuwa chini kuliko za darasa lililokataza. Kulaza kishikwambi mezani hakukusaidia kitu. Wanafunzi hao ni vijana waliochujwa, wanaoishi chini ya nidhamu ya jeshi na ambao ajira yao ya baadaye hutegemea alama. Kama wao hawakuweza kujizuia, ni vigumu kumlaumu mtoto wa miaka kumi na minne kwa kukosa nia.

Suala la kuandika kwa kalamu au kwa kibodi halina uhakika wa kiasi hicho. Pam Mueller na Daniel Oppenheimer walieleza mwaka 2014 kwamba wanaoandika kwa kompyuta hunakili maneno ya mhadhiri neno kwa neno na kuelewa kidogo, kwa kuwa mkono wenye kasi hauhitaji kuchagua. Maelezo hayo yalienea sana, lakini utafiti wa marudio uliochapishwa mwaka 2021 ulithibitisha kwamba wananakili zaidi bila kuonyesha kwamba hufanya vibaya zaidi kwenye maswali. Hoja ya kalamu, basi, haifai kubebeshwa uzito mkubwa. Kinachodhuru ni kile kingine kilichomo ndani ya kifaa hichohicho.

Tathmini ya kimataifa ya PISA ya mwaka 2022, inayopima wanafunzi wa miaka 15, ilitoa picha pana. Katika nchi za OECD kwa wastani asilimia 65 ya wanafunzi walisema hukengeushwa na vifaa vyao katika angalau baadhi ya vipindi vya hisabati, na asilimia 59 walisema hukengeushwa na vifaa vya wenzao. Tathmini hiyohiyo ilionyesha pia kwamba waliotumia vifaa vya kidijitali kwa kujifunza, hadi saa moja kwa siku shuleni, walipata alama 14 zaidi katika hisabati kuliko wasiovitumia kabisa. Matokeo hayo mawili hayapingani. Saa moja yenye kazi iliyopangwa ni kitu kimoja, na siku nzima ya kifaa kilicho wazi mfukoni ni kitu kingine.

Serikali nyingi zimechagua njia fupi. Ufaransa, iliyokuwa imekataza simu wakati wa vipindi tangu 2010, ilipanua katazo mwaka 2018 likahusu siku nzima kwa shule za msingi na sekondari za chini. China ilifuata 2021, Uholanzi Januari 2024, Brazili Januari 2025. UNESCO, katika ripoti yake ya mwaka 2023 kuhusu teknolojia katika elimu, ilihesabu kwamba chini ya robo ya nchi zilikuwa na katazo katika sheria au sera. Kufikia mwisho wa 2024 mifumo ya elimu yenye katazo ilikuwa imefika 79, sawa na asilimia 40.

Je, katazo huzaa matunda? Louis-Philippe Beland na Richard Murphy walitazama shule za miji minne ya Uingereza na kueleza mwaka 2015 kwamba baada ya simu kukatazwa alama zilipanda, na waliofaidika hasa walikuwa wanafunzi waliokuwa nyuma. Wale wa juu hawakupata wala kupoteza. Uchunguzi wa namna hiyohiyo nchini Uswidi haukuona athari yoyote. Nchini Norway, Sara Abrahamsson aliona mwaka 2024 kwamba uonevu ulipungua na alama za wasichana zikapanda. Mwaka 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Birmingham walilinganisha shule 30 za Uingereza, zenye kanuni kali na zenye kanuni laini, wasione tofauti katika afya ya akili ya wanafunzi, kwa kuwa muda uliookolewa shuleni haukupunguza sana muda wa simu wa siku nzima. Kwa pamoja matokeo haya yanaunga mkono madai ya kiasi. Kuondoa simu kwenye kipindi humlinda mwanafunzi dhaifu, ambaye ndiye hupotea kwanza usikivu unapokatika. Kutarajia kwamba kutatibu upweke, usingizi mbovu na uonevu wa mitandaoni ni kulipa katazo kazi isiyo yake.

Tanzania, Kenya na Uganda hazikungoja wimbi hilo. Mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari kwa kawaida haruhusiwi kuwa na simu shuleni, na katika shule za bweni akikutwa nayo anaweza kusimamishwa masomo. Mitihani imeongeza ukali. Nchini Kenya matokeo ya watahiniwa 5,101 wa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, ya mwaka 2015 yalifutwa kwa udanganyifu, baada ya msimu ambao karatasi za mitihani zilisambazwa kwa simu, na Machi 2016 uongozi wa baraza la mitihani ukavunjwa. Tangu hapo simu ndani ya uzio wa shule imebeba harufu ya wizi wa mitihani, hata inapokuwa mikononi mwa mtoto anayetafuta maana ya neno.

Katazo hili lina shimo ambalo halizungumzwi vya kutosha, nalo liko kati ya kidato cha sita na mwaka wa kwanza wa chuo kikuu. Kijana anayemaliza shule ya bweni ametumia miaka sita akifundishwa kwamba simu ni kosa. Miezi michache baadaye anaingia chuoni, na humo kila kitu kiko kwenye simu. Ratiba hutumwa na kiongozi wa darasa kwenye kundi la WhatsApp. Notsi za mhadhiri huja kama faili. Kazi hukusanywa kupitia mfumo wa chuo, na tangazo la kubadilishwa ukumbi hutoka dakika kumi kabla ya kipindi. Wengi hununua simu janja yao ya kwanza au kompyuta mpakato fedha za mkopo wa elimu zinapotoka. Hakuna mtu aliyewahi kukaa nao kuwaeleza namna ya kuzima arifa, kupanga mafaili, kutofautisha chanzo cha kuaminika na uzushi, au kusoma kurasa thelathini kwenye kioo chenye ukubwa wa kiganja. Wamehamishwa kutoka marufuku kamili kwenda ulazima kamili katika likizo moja. Huenda baadhi hufeli mwaka wa kwanza si kwa uzito wa masomo, ila kwa sababu hawajawahi kushika kifaa na kazi kwa wakati mmoja chini ya jicho la mwalimu. Mfumo wa elimu unaowadai vijana ujuzi huu wakiwa na miaka ishirini unapaswa kuwa umewapa walau vipindi vichache vya kuuzoea wakiwa na kumi na saba.

Jambo la pili lisilozungumzwa vya kutosha ni nani hasa ana kifaa. Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki simu si ya mtu mmoja. Ni ya baba au ya mama, inaondoka nao asubuhi kwenda shamba, sokoni au kwenye bodaboda, na inarudi usiku ikiwa na chaji kidogo. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa ajili ya UVIKO-19 ukweli huu ulionekana wazi. Mtoto mwenye kishikwambi na Wi-Fi ya nyumbani aliendelea na masomo, na yule wa simu ya familia alisubiri jioni. Masomo yaliyopenya zaidi yalikuwa yale yasiyohitaji simu janja: redio, televisheni, na nchini Kenya huduma ya Eneza inayotuma maswali na majibu kwa ujumbe mfupi, ambayo hufanya kazi hata kwenye kitochi. Kwa hiyo mwalimu anayeagiza kila mwanafunzi aje na simu janja Jumatatu ameagiza kitu kikubwa kuliko anavyodhani. Mwanafunzi asiye nayo atasema ameisahau, na atasema hivyo tena wiki ijayo, kwa sababu kusahau ni aibu ndogo kuliko kukosa.

Gharama haiishii kwenye kununua. Kuna bando, kuna kioo kinachopasuka, kuna chaja inayoibwa, kuna darasa lenye soketi moja ya ukutani na wanafunzi sitini. Video ya dakika kumi ikifunguliwa na wanafunzi arobaini kwa pamoja kupitia ruta ya kawaida, hakuna atakayeiona. Mwalimu akiwaambia watumie bando zao, wachache wataiona na wengine watachungulia begani.

Njia nyingine ni umma kugharamia. Kenya ilianza mwaka 2016 kugawa vishikwambi kwa darasa la kwanza, vikiwa vimeunganishwa na vyuo vikuu vya JKUAT na Moi kwa ubia na makampuni ya nje, na zaidi ya milioni moja vilifika shuleni. Usawa ulipatikana, kwa maana ya kwamba mtoto wa Turkana na wa Nairobi walipewa kifaa kimoja. Lakini shule nyingi, kwa kuogopa wezi, zilivifungia kwenye vyumba vyenye nondo, na kifaa kilichofungiwa hakifundishi. Tanzania ilichagua kumpa mwalimu: vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya 2022 viligawiwa kwa walimu baada ya zoezi kwisha. Uamuzi huo una akili kuliko unavyosifiwa, kwa kuwa kifaa kimoja mikononi mwa mwalimu huweza kufanya mengi ambayo watu hudhani yanahitaji vifaa hamsini.

Mfano ni maswali ya papo kwa papo, ambayo wanaotetea simu darasani huyataja mara nyingi. Mwalimu anauliza swali la kuchagua, wanafunzi wote wanajibu kwa simu, na majibu yanaonekana ukutani. Eric Mazur wa Harvard, aliyeanza mwaka 1991 kufundisha fizikia kwa kuwafanya wanafunzi wajibu kwanza kila mmoja kisha wabishane na jirani, amewahi kutumia kadi za karatasi na baadaye vitufe vya kielektroniki. Nathaniel Lasry alipolinganisha njia hizo mbili katika chuo kimoja cha Quebec mwaka 2008 aliona wanafunzi wamejifunza sawasawa. Ubishani na jirani ndio uliofundisha. Programu ya Plickers hutumia ugunduzi huo vizuri: kila mwanafunzi hushika kadi ya karatasi yenye mchoro, huigeuza kulingana na jibu lake, na mwalimu hupitisha kamera ya simu yake darasani na kupata majibu ya wote. Simu inayohitajika ni moja, na ni ya mwalimu.

Ziko kazi, hata hivyo, ambazo simu ya mwanafunzi hufanya kuliko chombo chochote shuleni, na hapa ndipo katazo la jumla linapopoteza kitu cha thamani. Simu janja ya kawaida ina vihisi vya mchapuko, sauti, na mara nyingi sumaku na mwanga. Programu ya phyphox, iliyotolewa mwaka 2016 na Chuo Kikuu cha RWTH Aachen nchini Ujerumani, huvigeuza vihisi hivyo kuwa vyombo vya maabara. Ni ya bure, na ikishawekwa haihitaji intaneti. Kwa shule ya kata isiyo na maabara, au yenye maabara isiyo na vifaa, hiyo ni mali kubwa.

Jaribio la kasi ya sauti linaonyesha uwezo huo. Simu mbili huwekwa mita 5 mbali, kila moja ikiwa na saa inayoanza na kusimama kwa kusikia sauti. Mwanafunzi wa kwanza hupiga kofi karibu na simu yake. Simu hiyo huanza kuhesabu mara moja, na ya pili huanza sauti ikishavuka mita 5. Kisha mwanafunzi wa pili hupiga kofi upande wake. Simu yake husimama mara moja, na ile ya kwanza huendelea hadi sauti irudi kuifikia. Simu ya kwanza basi imehesabu zaidi, na ziada hiyo ni muda ambao sauti hutumia kuvuka mita 10. Katika chumba chenye joto la nyuzi 30 tofauti huwa karibu sekunde 0.02865, inayotoa kasi ya takriban mita 349 kwa sekunde. Hakuna mkono wa binadamu unaoweza kupima muda mfupi namna hiyo kwa saa ya kubonyeza. Wanafunzi wakirudia mara nyingi na kutafuta wastani, wanaweza kulinganisha na wenzao wa Njombe, ambako asubuhi ya nyuzi 10 sauti husafiri karibu mita 337 kwa sekunde, na kuona kwa macho yao kwamba joto la hewa huongeza kasi ya sauti. Kundi la wanafunzi wanane huhitaji simu mbili tu. Asiye na simu hupima umbali, huandika, hukokotoa, na wala haonekani kupungukiwa kitu. Jaribio likiisha simu hurudi kwenye sanduku juu ya meza ya mwalimu.

Kazi nyingine inayostahili ni kusoma vitabu visivyokuwepo maktabani. Seva ndogo yenye programu kama Kolibri, iliyojaa vitabu, video na mazoezi, hurusha Wi-Fi darasani bila kuunganishwa na intaneti ya nje. Mwanafunzi huifikia kwa simu au kishikwambi chake bila kutumia bando, na wakati huo hakuna mtandao wa kijamii unaopenya kupitia njia hiyo. Vikwazo viwili vikubwa, gharama na ukengeushi, hupungua kwa hatua moja.

Kwa baadhi ya wanafunzi kifaa si hiari. Mwenye uoni hafifu hutumia kamera kukuza maandishi ya ubaoni au programu inayomsomea kwa sauti yaliyo kwenye kioo cha simu. Asiyesikia vizuri hutumia programu inayogeuza maneno kuwa maandishi. Mwenye kisukari anayetumia kihisi cha sukari huangalia kiwango chake kwenye simu. Sheria ya Ufaransa ya 2018 iliwatenga wazi wanafunzi wenye ulemavu kutoka kwenye katazo, na kanuni yoyote ya shule isiyofanya hivyo ina kasoro tangu siku ya kuandikwa. Ruhusa hiyo iandikwe na kujulikana kwa walimu wote, mwanafunzi asilazimike kueleza ugonjwa wake mbele ya darasa kila mwalimu mpya anapoingia.

Kamera ya simu huleta suala la faragha. Mwanafunzi anayemrekodi mwenzake akikosea kusoma, au mwalimu akikasirika, anaweza kusambaza video hiyo kabla kipindi hakijaisha. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya 2019, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na sheria hizi hazihusu makampuni pekee. Mwaka 2023 shule moja ya Nairobi ilitozwa faini ya shilingi milioni 4.55 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Kama shule yenyewe inawajibika, haina budi kuwafundisha wanafunzi mipaka hiyo kabla ya kuwaruhusu kufungua kamera. Mwalimu naye hajasamehewa: anayepokea simu katikati ya kipindi, au anayempiga picha mwanafunzi aliyeadhibiwa na kuiweka kwenye kundi la walimu, amevunja kanuni anayoisimamia.

Kanuni ya shule inayofuata kazi huwa fupi. Hueleza kwamba vifaa vinazimwa na kukaa mahali pamoja panapofungwa, bila malipo, tangu mwanafunzi anapoingia. Kwamba mwalimu huvitoa kwa kazi iliyoandikwa kwenye andalio la somo na kuvirudisha kazi ikiisha. Kwamba kazi hiyo ipangwe kwa makundi ili asiye na kifaa asijulikane. Na kwamba hakuna alama inayotegemea kuwa nacho. Katika vyuo vikuu, ambako wanafunzi ni watu wazima, mhadhiri anaweza kutenga safu za mbele kwa wasiotumia vifaa, ili matokeo ya utafiti wa Kanada yasimwangukie mtu aliyekuja kusikiliza.

Linabaki suala la kifaa kilichokamatwa. Zimekuwepo shule zilizovunja simu kwa nyundo au kuzichoma mbele ya gwaride, kwa nia ya kuwatisha wengine. Simu hiyo mara nyingi ni ya mzazi, pengine ndimo mlimo akiba yake ya M-Pesa, namba za wateja wake na picha za marehemu wa familia. Kuiharibu ni kuharibu mali ya mtu ambaye hakuvunja kanuni yoyote ya shule. Utaratibu wa haki ni kuizima mbele ya mwanafunzi bila kuifungua wala kusoma kilichomo, kuiandika kwenye daftari pamoja na aina yake, hali ya kioo chake na tarehe, mwanafunzi na mwalimu wakatia saini, kisha kuihifadhi ofisini kwa mkuu wa shule na kumkabidhi mzazi mwenyewe anapofika, naye akatia saini ya kupokea.